Nikabu ya Mlango wa Hibo

Basi la kutoka Moyale lilinishusha Isiolo jua likiwa limeshakuwa kali. Nilikuwa na vumbi la Ngaremara masikioni na maelekezo niliyopewa Marsabit: nenda Wabera, tafuta nyumba yenye mlango wa kioo, muulize Hibo, ana chumba cha wageni wa kike. Mwendesha boda hakuhitaji zaidi.

"Ile ya kioo?" Akacheka. "Panda."

Nilitarajia kioo kidogo. Nilikuta karibu ukuta mzima wa mbele ni kioo: vipande viwili virefu ndani ya fremu ya alumini, kimoja kikisukumwa kando juu ya reli, vikitazama barabara inayotoka mashariki. Nyumba nyingine zote za mtaa huo zilikuwa na madirisha madogo yenye nondo. Nyuma ya kioo aliketi mwanamke wa miaka sitini hivi, kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amevaa nikabu, pamoja na lile tabaka jembamba linalofunika hata macho, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nilimsalimu, nikaongeza Kisomali changu nilichokiokota Djibouti.

"Kisomali chako kimepanda meli," alinijibu kwa Kiswahili. "Ingia, walaal, dada yangu. Funga mlango. Watatuona tu, lakini funga."

Hibo anauza maziwa ya ngamia. Kila asubuhi pikapu huyaleta kutoka malishoni na kumfikisha stendi, naye huyapeleka Nairobi kwa basi. Asipokuwepo pikapu inapofika, dereva hampigii honi mara ya pili. Humpa maziwa mwanamke mwingine. Kwa hiyo kwa miaka mingi Hibo aliingoja barabarani, juu ya jiwe, juani. Magoti yalipokataa, aliununua mlango ule kutoka hoteli iliyokuwa ikibomolewa, akavunja ukuta wake wa mbele, akauweka. Sasa angekaa ndani na bado aione pikapu ikipinda kona.

Mumewe alishafariki. Kaka wa mumewe, Diriye, alisema nyumba ya mjane haiwezi kuwa wazi kama bucha. Ijumaa hii, baada ya swala, angekuja na fundi aizibe kwa matofali. Tangu Diriye aanze kutishia hivyo, wiki kadhaa sasa, Hibo hakusafiri, asije akarudi akakuta ukuta. Maziwa yalikwenda Nairobi bila yeye, na wateja wa huko walianza kumzoea mtu mwingine.

"Anasema nifunike ama azibe," aliniambia. "Sawa, nitafunika. Lakini barabara yangu nitaiona. Hiyo Diriye hachukui."

Alhamisi tukaenda kwa Rimberia, muuza mapazia. Hibo alilitupa nyuma lile tabaka la macho ili aone vitambaa vizuri. Rimberia alianza na pazia zito lisilopitisha mwanga kabisa.

"Mama, ukifunga hii, saa sita mchana utadhani ni usiku."

"Nani amekuambia nataka usiku?"

Akatoa wavu mweupe wenye maua. Hibo akaushika mbele ya uso wake, akaniamuru nisimame nje nimtazame. Sikumwona. Yeye pia hakuniona, maana jua liliupiga ule weupe ukang'aa wote.

"Naona ukungu," akasema. "Rimberia, hii umeitoa kwenu Meru?"

Rimberia akacheka, akateremsha vipande virefu vya plastiki vinavyogeuzwa kwa kamba. Hibo akachungulia katikati yake.

"Naona nusu ya punda."

"Sasa mama, unataka uone na usionekane? Hiyo ni kazi ya majini." Rimberia alikuwa amechoka. "Weka ukuta tu. Shemeji yako ameongea ukweli."

Hibo aliliteremsha tena lile tabaka la macho, akageuka, akaenda. Alipofika mlangoni akasimama. Akageuka tena, polepole.

"Rimberia. Macho yangu unayaona?"

"Siyaoni, mama."

"Nimeyafumba ama nimekukodolea?"

"Sasa nitajuaje?"

"Mimi nakuona. Kidevu umenyoa upande mmoja."

Huko Kairo nimeona madirisha ya mbao yaliyochongwa matundu kwa kazi hiyo hiyo ya kuona bila kuonekana, na watalii hulipa kuyapiga picha. Hibo alikuwa ameivaa kazi hiyo usoni tangu ujana wake. Tulikwenda moja kwa moja hadi kibanda cha Ubah, anayeshona nikabu za nusu ya mtaa. Hibo alitaka kile kitambaa chepesi cha machoni, rangi ya kahawa.

"Mita zote hizi?" Ubah alishangaa. "Unamfunika nani, tembo?"

"Nyumba."

Ubah alicheka hadi sindano ikamtoka mdomoni. Kisha akakata.

Asubuhi ya Ijumaa jua liliingia kupitia kitambaa kile, tulichokitundika nyuma ya kioo, likiwa limepoa, rangi ya chai nyepesi, likalala juu ya mkeka bila kuumiza macho. Barabara ilionekana yote. Na Hibo, kwa mara ya kwanza tangu nifike, aliivua nikabu yake ndani ya nyumba yake. Ndipo nilipomwona: mashavu mapana, pengo la jino, na kidevu kilichoinuliwa juu.

Baada ya swala Diriye alikuja na fundi na mkokoteni wa matofali. Akasogea kwenye kioo akajiona mwenyewe tu.

"Salaam aleikum, shemeji," Hibo akasema kutoka ndani. "Kanzu imeingia matope. Na fundi wako anakula miraa yako nyuma yako."

Fundi akaficha mkono. Diriye akakisugua kioo kwa kiganja.

"Mchana, sawa," akasema hatimaye. "Usiku ukiwasha taa? Nitarudi baada ya magharibi."

Alikuwa na hoja. Kiza kilipoanza nilitoka nje, Hibo akawasha taa. Niliona kila kitu: chupa ya chai, viatu, yeye mwenyewe akinipungia. Niliporudi kumwambia, aliiinulia macho ile balbu.

"Kwa hiyo mwenye taa ndiye anaonekana," akasema.

"Ndiyo."

Akaniomba nipande kiti nitoe balbu sebuleni. Tukaifunga kwenye kibaraza, nje. Ndani tukabaki gizani, tukinywa chai kwa kupapasa.

Diriye akaja. Akasimama chini ya balbu ile, akakinga macho kwa viganja, akabandika pua kwenye kioo. Hibo alingoja. Watu walikuwa wakitoka msikitini, wanapita.

"Waryaa, Diriye!" akaita kwa sauti ya kuuzia maziwa. "Unachungulia nini kwa mlango wa mjane?"

Barabarani watu wakasimama. "Mzee Diriye, umepoteza kitu?" mmoja akauliza, na wengine wakaangua kicheko. Diriye aliruka nyuma kama aliyeungua.

"Naangalia kama naona ndani!"

"Na unaona?"

Akisema ndiyo, ni mchunguliaji. Akisema hapana, matofali ni ya nini? Aliondoka bila kuaga. Mkokoteni aliuacha, na Hibo alipanga matofali yale kando ya kioo yawe ngazi ya kuwekea mitungi.

Jumamosi aliiona pikapu kabla yangu. Alivaa nikabu, akachukua mfuko wa safari uliokuwa umefungwa kwa wiki kadhaa, akausukuma mlango.

"Leo naenda mwenyewe," akasema. "Wewe kaa. Diriye akija usiku, taa ya nje isizimwe."

Nilivuta kiti chake cha plastiki karibu na kioo. Niliona vizuri: mitungi ikipandishwa, dereva akimsaidia kuingia, mkono wake ukigonga mlango wa gari waondoke. Pikapu ilipoanza kugeuka Hibo aliitazama nyumba. Hakuweza kuniona, lakini alipunga mkono.