Niligombana Miezi Minane kwa Ajili ya Bibi wa Ngazini

Miezi minane nimegombana na mtu nisiyemjua, kwa ajili ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa.

Na siku tulipokutana uso kwa uso, tukashindwa kusemezana hata neno moja.

Kaeni vizuri, wajukuu zangu. Mimi bibi yenu niliishia darasa la saba, herufi zangu zikipinda mzinyooshe wenyewe. Lakini haya yamenipata mimi, sikusimuliwa.

Nianze na kitendawili. Nina wageni sabini chumbani, na sijachemsha hata kikombe kimoja cha chai.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimekwenda, nimekula, nimerudi. Jibu: grupu la kwenye simu.

Nimeshona nguo miaka arobaini na miwili. Magauni ya harusi, sare za shule, suruali za watu wanaonenepa na hawataki kukiri. Kisha masikio yakaanza kuniaga. Likatangulia la kulia, la kushoto likafuata nyuma kama mke na mume waliozeeka pamoja.

Mume wangu alikuwa ameshatangulia. Mwanangu kazi zake ziko mbali. Mkewe ndiye aliyeniletea simu kubwa, akanifundisha kutazama filamu zenye maandishi chini.

Sasa sikilizeni, mnaosikia. Kutosikia kwenyewe hakuumi sana. Kinachouma ni pale unapomuuliza mtu "umesemaje?" mara ya tatu, naye anapunga mkono.

"Si kitu, Bibi. Acha tu."

Acha tu. Majirani wakaniacha tu, wateja wakaniacha tu. Mwisho nikaacha kuuliza mwenyewe, nikafunga na duka.

Ila kwenye grupu hakuna aliyejua. Mle kila mtu anaandika, kwa hiyo mle nilikuwa mzima kama wao. Nikaapa siri hiyo nitazikwa nayo.

Lilikuwa grupu la wapenzi wa filamu za zama zile: magauni ya kuburuza, magari ya farasi, na barua zinazochelewa mpaka mtu anaolewa na mwingine. Na kitabu chetu cha kufa na kuzikana kilikuwa *Bibi wa Ngazini*.

Kisa chake kifupi. Mwanamke wa jumba kubwa anamsubiri mchumba wake miaka sita. Siku moja inakuja barua: mchumba ameshaoa huko huko. Basi. Ndicho hicho kinacholiza watu mpaka leo.

Kimefanyiwa filamu mara tatu. Waigizaji wake tuliwaita Wa Kale, Wa Kati na Wa Juzi. Kazi yetu ilikuwa kubishana ni yupi Bibi wa Ngazini wa kweli.

Vijana wote walikuwa upande wa Wa Juzi.

"Wa Juzi ni moto," mmoja akaandika.

"Moto wa kiberiti," nikamjibu. "Gauni lake lina zipu mgongoni. Zama zile zipu ilikuwa bado iko tumboni mwa mama yake."

Wakacheka, wakanibandika jina Bibi Sindano. Nikalipenda. Zamani nilikuwa naitwa "yule bibi".

Mimi nilikuwa wa Wa Kale, kufa kupona. Mpinzani wangu alikuwa mzee mmoja wa upande wa Wa Kati. Walimwita Mzee Kigingi, kwa kuwa akijichomeka mahali hang'oki.

Ugomvi wetu ulikuwa pale barua inapofika.

Wa Kale hasemi kitu. Anaisoma, anaikunja, anaketi kwenye ngazi. Halafu anaanza kufungua vifungo vya glavu yake, kimoja kimoja. Viko tisa. Nane vinafunguka, cha mwisho kinamshinda, mkono unabaki pale pale.

Mimi mtu wa vifungo. Kile cha tisa kilinitoa machozi mara zote nilizokiona, nami sikuwahi kuzihesabu.

Wa Kati anasimama katikati ya ukumbi, anaisoma barua yote. Mimi nilikuwa naona nguzo ya umeme iliyovishwa gauni, mdomo unafunguka na kufungika kama samaki kwenye beseni, na hivyo ndivyo nilivyomwandika grupuni.

"bibi sindano umeamkaje leo akili imerudi," Kigingi alikuwa akiandika asubuhi, bila nukta wala mkato. Maandishi yake yote yalikuwa hivyo, kama maji ya bomba.

"Akili ninayo. Wewe ndiye mwenye ya kuazima," nami nikamjibu.

"wa kati akisoma ile barua nyumba nzima inatulia"

"Inatulia kwa kuwa watu wamesinzia, bwana."

Mtanicheka, lakini nilikuwa nakunywa chai yangu nikipanga cha kumjibu. Nikienda sokoni nakwenda naye. Nikikunja nguo nakunja naye. Kuna watu wana waume ndani na hawapati maneno mengi kiasi hicho kwa siku.

Mpaka ikafika ile Jumamosi mchana.

Kigingi akaandika: "huyo wa kale wako dakika nzima hafanyi chochote na akija kusema sauti ni ya kopo tupu kwani bibi wewe huna masikio"

Nikaiweka simu chini. Nikaichukua tena.

Katika matusi yote duniani alikuwa amelichagua hilo, na hakujua. Mkono ukanitangulia akili.

"Na wewe huna macho? Kama ni kipofu useme, tukushike mkono."

Vijana wakamwaga vikatuni vya kucheka, mstari mzima. Mmoja akaandika, "Mzee kapigwa sindano ya paja."

Baada ya muda kidogo likatokea lile neno dogo la kijivu, katikati ya kioo.

*Mzee Kigingi ameondoka.*

Siku ya kwanza nilisema atarudi, kigingi hakiendi mbali. Siku ya pili nikamtetea Wa Kale, vijana wakanijibu "sawa bibi" na kuendelea na yao. Kumbe mimi sikuwa na wageni sabini. Nilikuwa na mmoja.

Siku ya nne nikakuta chai imepoa mbele yangu, sijainywa, sina cha kupanga.

Namba yake ilibaki grupuni, kwenye mazungumzo ya nyuma. Nikamwandikia pembeni: samahani. Kesho yake: nimekosa. Kesho kutwa: njoo hata unitukane.

Siku ya tisa likaja jibu, lenye nukta na mikato yake. Haikuwa yeye.

"Shikamoo Mama. Mimi ni binti wa huyo mnayemwita Kigingi. Baba amekataa simu, na filamu zake ameziacha. Anashinda amekaa tu. Kama una neno la kumwambia, njoo umwambie mwenyewe." Akanielekeza nyumba.

Nilikaa na ujumbe ule siku mbili. Kwenda maana yake ni kusimama mbele ya mtu na kumuuliza "umesemaje?" mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha naye apunge mkono. Kigingi akinipungia mkono, nitamrudia nani?

Siku ya tatu nikapiga pasi gauni la bluu, nikapanda mabasi mawili.

Binti akanifungulia, mwanamke wa makamo, kanga begani, unga mikononi. Akasema maneno fulani. Nikatabasamu na kuitikia kwa kichwa, ule ujanja wetu. Akanipeleka sebuleni.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha mikono, ndevu nyeupe zimemfunika mdomo wote. Uso alinielekezea, macho akayapeleka ukutani. Nikasema moyoni: huyu bado ana kinyongo, hata kunitazama hataki.

"Mimi ndiye Sindano," nikasema. "Nimekuja kuomba radhi."

Ndevu zikacheza. Midomo siioni, kwa hiyo sikupata hata silabi.

Nikainama niitafute midomo. Ndevu zikacheza tena, uso wake ukakunjamana. Akanyoosha mkono kuupokea wangu, akaunyoosha pembeni, kwenye meza isiyokuwa na mtu.

Hapo ndipo nikaliona shati lake. Fundi huona mshono kabla ya uso. Alikuwa amelivaa ndani nje, mishono yote iko hadharani, nalo jua limejaa dirishani.

Nikamgeukia binti. Naye akasema taratibu, nikausoma mdomo wake wote.

"Baba haoni, Mama. Mwaka wa kumi na tisa huu. Simu humsomea, naye huiambia ikaandika."

Wajukuu zangu, nilitafuta kiti kwa mkono kama mimi ndiye nisiyeona.

Nilimwambia mbele ya watu sabini: kama ni kipofu useme.

"Mwambie," nikamwambia binti, na sijui sauti yangu ilikuwa juu au chini, "mwambie na mimi sisikii. Miaka sita sijasikia hata kengele. Wa Kati sijapata kumsikia hata siku moja."

Mzee alinisikia, hakuhitaji mkalimani. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akawa analia kweli.

Alipotulia akasema maneno marefu. Binti akachukua daftari la mwanawe, akaniandikia.

*Anauliza, huyo Wa Kale alikuwa anafanya nini pale? Anasema siku zote anasikia kimya tu. Alidhani kanda imekatika.*

Basi nikamsimulia. Barua, ngazi, glavu. Nikauchukua mkono wake, nikamfungulia kifungo cha mkono wa shati lake ili ajue kidole kinavyotafuta tundu. Nikakifunga, nikakifungua tena, nikahesabu mpaka nane. Mara ya tisa nikakishika tu, sikukifungua.

Alikuwa fundi redio enzi zake. Nikamwambia, "Ni kama pale unapozima redio, na chumba kinabaki kinavuma kidogo."

Akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Mkono hakuuondoa.

"Haya, zamu yako," nikasema. "Nipe sauti ya Wa Kati. Lakini mimi nielezee kwa kitambaa."

Akafikiri. Binti akasubiri na kalamu.

*Anasema: kitambaa kizito kilichofuliwa mara nyingi sana. Hakina tena wanga. Ukikiachia, kinashuka chenyewe.*

Nikakijua pale pale. Nimewahi kukishika.

Kisha binti akaandika mstari mwingine, ambao baba yake hakuusema. Alilisukuma daftari kwangu polepole.

*Mama yetu ndiye aliyekuwa anamsomea hicho kitabu baada ya macho kuondoka. Amefariki mwaka wa tatu sasa. Wa Kati ana sauti ya Mama.*

Mwanamume yule hakuwa akitetea mwigizaji. Alikuwa akimtetea mkewe, kila asubuhi, mbele ya watu sabini wanaocheka. Nami huyo Wa Kati nikamwita samaki kwenye beseni.

Na mimi je? Nilijiuliza kwenye basi la kurudi, kichwa nimekiegemeza dirishani. Nilikuwa nikimtetea mwanamke aliyeketi peke yake kimya, na bado ukumbi mzima umekaa unamtazama.

Tusi la hadharani haliombewi radhi chumbani. Jioni ile nikaandika grupuni, herufi moja moja: Mimi Bibi Sindano ni kiziwi. Mzee Kigingi haoni, mwenyewe ameniruhusu niwaambie. Nilimtukana jicho, naye alinitukana sikio, na hakuna kati yetu aliyejua. Nimemkosea, nisameheni.

Nikaikodolea simu mpaka kioo kikazimika. Nikajua wameshaanza kupunga mikono.

Kisha yule kijana wa sindano ya paja akaandika: "Bibi, ile glavu ina vifungo vingapi? Nimeirudia, nimeona saba tu."

Kigingi alirudi baada ya siku mbili. Hakusalimia mtu. Aliandika tu, bila nukta: "wanangu msizungumze kwa pamoja simu yangu inachanganyikiwa na mumpishe bibi"

Sitawadanganya. Nyumba yangu bado ni kimya. Kwake nimerudi mara moja tu, mabasi mawili na mgongo huu havipatani, na tukiwa pamoja lazima binti aache unga wake atukalimanie. Kwenye simu tuko karibu zaidi kuliko tukiwa chumba kimoja. Ni ajabu, na wakati mwingine inanitia huzuni.

Ila wasia wangu ni huu. Ukimwona mtu anang'ang'ania jambo dogo kupita kiasi, mwigizaji, wimbo, kikombe chenye ufa, usikimbilie kumshinda. Mara nyingi hilo dogo ni mfuniko. Muulize kwanza amemfunika nani.

Mimi bado ni wa Wa Kale. Ila siku hizi Wa Kati akisimama kusoma ile barua, naweka kiganja changu juu ya spika, natulia mpaka amalize.