Mashine za Kahawa Tu

Kabla hawajamkata mkono, shemeji yangu Gande Siune alikuwa fundi wa kila kitu. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara ya kushukia mjini Kundiawa, na wakati wowote ungepita ungekuta geti lisilo na bawaba, sufuria iliyotoboka, banda la nguruwe lenye pande tatu. Watu walimsema.

"Gande, geti langu nitalipata nikiwa hai, au mtalisimika kaburini?"

Alicheka tu na kupokea kazi nyingine. Magobore pia alitengeneza, ya bomba la maji na kitako cha mti, kwa yeyote aliyemletea nguruwe. Nilipomuuliza kuhusu hayo alinijibu, "Shemeji, mimi nauza chuma. Mtu akienda kuulia, hayo ni yake na Mungu wake."

Mwaka wa uchaguzi, Wauga na Wakendu, koo mbili za bonde letu, walipigana sokoni. Gande ni Mwauga. Sisi, upande wa mkewe, ni watu wa mtoni na hatukuwa na ugomvi na yeyote. Mdogo wangu Kerenga alikuwa ameinama akichagua viazi vitamu. Mkendu mmoja akafyatua gobore, na misumari aliyokusudia iwapate Wauga ikamwingia Kerenga tumboni. Nilijaribu kuurudisha utumbo wake ndani kwa viganja vyangu. Uliteleza. Akafia juu ya viazi vile.

Gobore lilipasuka na likaachwa palepale. Gande alipofika msibani alikuta watu wamelileta, wanalipokezana. Naye akalishika, akapitisha kidole pale lilipochomelewa, kisha akaketi kwenye matope.

"Hili nimelitengeneza mimi," alisema, mama yangu akisikia.

Nilimpiga kwa mpini wa jembe. Nilimpiga mpaka meno mawili yakamtoka, wala hakujikinga. Dada yangu Agnes, mkewe, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Hakusema niache.

Gande alitoa nguruwe wake wote kwa ajili ya fidia. Kisha akarudi karakanani, akaburuta nje kila kilichokuwa ndani na kuwaita wenyewe waje kuchukua. Mlangoni akaandika kwa rangi nyekundu: MASHINE ZA KAHAWA TU. Nilikwenda kumwona, si kwa upendo.

"Ndiyo toba yako hiyo?"

"Sijui kama ni toba," alisema, maneno yakimtoka kwa upepo kwenye pengo. "Mtu akiniuliza unafanya kazi gani, nilikuwa namjibu, kila kitu. Kumbe sikujua nafanya nini. Sasa najua. Wanawake wa bonde hili wanaponda kahawa kwa mawe, au wanaiuza mbivu kwa bei ya kutupa. Nataka kila mmoja amenye yake nyumbani kwake. Kazi nyingine sitaki, hata unipe ng'ombe."

Na kweli hakutaka. Mchungaji alipoomba msalaba wa chuma wa kanisa, alimkatalia. Watu walisema kichwa kimeruka. Lakini mashine zake zilitoka siku aliyoahidi, na kipuri cha moja kiliingia kwenye nyingine yoyote. Zilipoharibika alipanda milima kuzitengeneza, kwa Wauga na kwa Wakendu vilevile. Miaka mitatu haikuisha, wateja wakawa wanapanga foleni.

Kisha vita ikarudi, na safari hii ilikuja kubwa. Asubuhi moja Mondo, mtoto wa baba yake mkubwa, alifika karakanani na wanaume tisa, nyuso zimepakwa masizi. Mimi nilikuwapo, nimempelekea Agnes viazi palepale.

"Ndugu yangu," Mondo alisema, "tunataka magobore ishirini. Mabomba unayo."

"Soma mlangoni."

"Mlango hauzuii risasi, Gande! Jana wamemkata baba yetu mdogo shingo, na wewe uko hapa unawaundia wanawake wa Kikendu mashine!"

"Namuundia anayemenya kahawa. Nikikuchomelea gobore moja leo, kesho mimi ni fundi wa kila kitu tena. Shemeji yangu huyu hapa. Muulize mdogo wake alikufaje."

"Mara ya mwisho."

"Sitengenezi."

Wanne walimbana Gande, mkono juu ya fuawe. Mimi nilipigwa bapa la panga kichwani, nikaanguka. Nilichoona nilikiona kutoka chini. Agnes alimrukia Mondo na kumng'ata sikio mpaka damu ikamchuruzika kidevuni, wakamtupa ukutani. Shoka lilishuka mara mbili, kwa sababu pigo la kwanza halikumaliza mfupa. Gande alipiga ukelele mmoja, kisha akawa anasema kwa sauti ya kawaida, "Sitengenezi, sitengenezi," kama mtu anayehesabu. Walibeba mabomba wakaondoka. Mkono walituachia.

Nilimfunga kwa waya na shati langu, nikambeba mgongoni mpaka barabarani, gari la misheni likatuchukua. Njia nzima damu yake ilinitiririka miguuni. Hapo ndipo chuki yangu kwake iliponitoka, sijui kwa nini.

Siku mbili baadaye Wakendu walivunja ngome ya Wauga na kuchoma kijiji chote. Agnes alijificha kwenye mibuni akaona. Walipofika karakanani walibishana. Mmoja alikuwa amekwisha washa mwenge; mwingine akamshika mkono. "Mama yako atamenya kwa meno?" Basi walizitoa mashine kumi na moja, wakazipanga kwenye majani, wakazifunika kwa mabati. Halafu wakachoma karakana.

Gande alipotoka hospitali alisimama mbele ya majivu, kigutu kimefungwa kifuani. Akaniambia nimtafutie mbao.

Sasa anayechomelea ni Agnes. Gande husimama nyuma yake na kumwelekeza, wanagombana kutwa nzima. "Polepole, unatoboa!" "Basi shika mwenyewe, kama unao wa kushikia!" Na wote wawili hucheka. Mashine zao zimefika mabonde matatu, na mlango mpya una maneno yaleyale.

Mwaka jana Mondo alikuja na mashine ya mkewe iliyovunjika jino, na nguruwe kwa kamba. Agnes aliokota kwa koleo kipande cha chuma chenye moto na kumwendea. Angemtia usoni, niliyaona macho yake.

"Agnes," Gande alisema. "Ni mashine ya kahawa?"

Agnes alisimama mpaka chuma kikapoa. Kisha aliipokea mashine na kuitengeneza bila kumtazama mwenyewe. Mondo alipoondoka, tulichinja nguruwe. Agnes hakula.