Koku Sinema

Enzi zetu sisi wa Ijumbi, televisheni tuliisikia tu kwa waliosafiri. Tulichokuwa nacho ni gari la sinema, lililokuja kiangazi baada ya kahawa kuvunwa, likatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la ushirika. Kwanza tulifundishwa kuchimba vyoo na kuishi kijamaa. Halafu, siku moja, wakatokea wanasesere wa mbao: mama na mbuzi wake, wakitembea wenyewe, bila kamba wala mkono wa mtu. Wazee walifanya ishara ya msalaba. Sisi tulipiga kelele hadi jenereta halikusikika.

Dada yangu Koku hakupiga kelele. Alimfuata mwenye mashine na kumuuliza kama wanasesere wa migomba nao wanaweza kutembea.

"Wanaweza," alijibu yule bwana. "Tengeneza wako. Nikirudi tutawapiga picha watembee."

Koku akaamini. Mwaka mzima alisuka watu kwa majani makavu ya mgomba: bibi harusi, katekista, hata mwenyekiti wa kijiji na tumbo lake. Majani hayo ni ya kutandaza kwenye kibanja, shamba letu la migomba, na Tata, baba yetu, alifoka kila alipomkuta: "Kibanja kinalala uchi, wewe unavisha midoli!" Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, wenzake walijaza vikapu, yeye alikuwa anasuka.

Gari likarudi na mtu mwingine. Koku alipomfunulia kikapu na kueleza, yule mtu alicheka mpaka akafuta machozi, na kijiji kizima kikacheka naye. Nami nilicheka. Tangu hapo akaitwa Koku Sinema, na jina hilo likamfuata hadi alikoolewa, Kanazi. Hakusuka tena.

Siku hizi vijana wana katuni mfukoni, wanazisukuma kwa kidole kama wanaofukuza nzi, na bado wananuna bando likiisha. Juzi, huko Kitendaguro tulikomtembelea, mjukuu wa Koku alituonyesha kwenye simu vizibo vya soda vikivuka meza vyenyewe. Kavitengeneza yeye.

"Unapiga picha, Bibi, unakisogeza kidogo, unapiga tena. Basi."

Koku alimwomba arudie kueleza.

"Kumbe yule wa kwanza hakuwa mwongo," akasema.

Akaanza kuwataja waliomcheka, mmoja mmoja, apate wa kumwambia. Wote tumeshawazika. Nimebaki mimi, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikitazama chini.