Kidonda Kisichotakiwa Kufunga

Daktari aliyempasua mama jicho hakutaka kidonda kipone chote. Utando wa juu ufunge, sawa, lakini tundu dogo alilotoboa chini ya kope ya juu libaki wazi maisha yote, ili maji ya ndani ya jicho yapate pa kutokea. Kovu likiliziba, presha ya jicho inapanda tena. Na jicho hilo la kulia ndilo alilobaki nalo. La kushoto lilizimika kabla hatujajua kuna ugonjwa wa aina hiyo.

Tatizo ni kwamba mama hupona haraka, na amejivunia jambo hilo tangu nimjue. Panga likimkata akipogoa kahawa, anafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Daktari aliyatazama makovu ya mikono yake, manene, yanayong'aa, akauliza yalichukua muda gani kufunga.

"Mimi hupona kabla jirani hajasikia," mama alijibu kwa raha.

Daktari hakucheka. Alimwandikia dawa ya matone ya kuchelewesha kovu.

Nikarudi naye nyumbani Kangundo. Kila asubuhi namwinulia kope nitafute kilengelenge cha maji nilichoonyeshwa hospitalini. Kikiwepo, tundu linafanya kazi. Wekundu ulipoanza kuisha, kila mgeni alifurahi. Mimi nikakosa usingizi.

Jumapili wanawake wa jumuiya walikuja na unga na sukari. Mwenyekiti wao akasimama, akafumba macho. "Baba, funga kidonda hiki, kifunge kabisa…"

"Asifunge!" mama akapaza sauti.

"Mwaitu, mama yetu, unabishana na nani?" mwenyekiti akauliza, macho bado kayafumba.

"Na wewe. Mwambie aache katundu."

"Katundu?"

"Kadogo tu. Yeye anajua."

Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa leso. Kisha wakaanza upya, mwenyekiti akisita kila alipokaribia neno kupona.

Jana tulirudi kliniki, Machakos. Kilengelenge kilikuwa kimeanza kubonyea na presha imepanda. Daktari alimchoma sindano ya kuzuia kovu kando ya jicho, akalikandakanda kwa kidole juu ya kope, akapima tena. Ilikuwa imeshuka. Nikauliza kama itakaa hapo.

"Mwili wake ndio utaamua," alisema. "Mrudishe Ijumaa."

Asubuhi hii nimeinua kope. Kuna kitu kimeinuka pale, au ni kivuli cha kope yenyewe. Mama ameegemeza kichwa nyuma, ametulia, anangoja nimwambie ninaona nini.