Mose, supercharger yake na siku ya posa

Wakuu, niaje?

Hii nawapa vile ilitokea. Mose mwenyewe ameketi hapa kando yangu na miwani yake, anangoja nikosee anikatize.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuwa mchumba wangu, fundi wa magari, kwao Jericho. Kwetu Buruburu. Kutoka kwao mpaka kwetu unaweza kubeba ugali kwa miguu na ufike nao ukiwa moto.

Lakini Mose atembee? Wapi.

Alikuwa na saloon kuukuu aliyoifungia supercharger, ile mashine ya kuisukumia injini hewa. Aliitoa kwa gari ya rally iliyopinduka. Nguvu ilikuwepo, yeye akataka zaidi.

Wiki ya posa akaenda Kariobangi kuchongewa pulley ndogo, kile kigurudumu cha mkanda, ndiyo supercharger izunguke kasi. Fundi wa huko akamwambia, "Ukiongeza hewa, ongeza na petroli. Badilisha jet za carburetor, vile vitundu vya kupitishia petroli."

Mose akasema atabadilisha baada ya sherehe. Wanaume na "baada" mnawajua.

Sasa baba yangu, karani wa serikali, hakumpenda hata kidogo. Alikuwa ametangaza: saa nne ikipita wageni hawajafika, gate haifunguliwi, na habari ya Mose imeisha. Asubuhi ya posa nikajiweka dirishani.

Saa nne ikapita.

Ndipo tukasikia supercharger ikilia huko Rabai Road, kisha injini ikagonga kama mtu anapiga sufuria, kisha kimya.

Nikachungulia nje. Wazee watatu wa kwao Mose, na suti zao, wanasukuma gari, Mose ameshika steering, jasho tupu. Nilicheka, halafu nikaanza kulia.

Baba akatoka kuangalia. Akamwona mzee wa rika lake akiteleza na viatu vya ngozi. Akavua koti, akanipa, akaenda kusukuma pamoja nao. Hakuacha mpaka gari ikaingia ndani ya gate.

Mama akamuuliza, "Si ulisema saa nne ikipita hawaingii?"

"Nitawafukuzaje," baba akasema akihema, "na nimewaleta mwenyewe?"

Funzo, vijana wa boost, hewa hiyo ya kusukumwa: bila petroli ya kutosha inatoboa piston. Ya Mose ilitoboka.

Yeye mpaka leo anasema petroli ya siku hizo ilikuwa mbaya. Mwambieni nyinyi hapo chini, mimi nimechoka kumwambia.