Mbaazi za Kando ya Ua

Nililima uwanja wa mbele ya nyumba yetu hapa Kinoru kwa sababu moja tu: nilitaka mama yangu asirudi kwake Kiritiri. Tulikuwa tumemleta wakati wa kiangazi, magoti yamemvimba. Alitibiwa, akapata nafuu, na tangu siku aliyotembea bila fimbo mkoba wake ulikaa nyuma ya mlango, umefungwa. Kule anaishi peke yake. Maji yako mbali na njia ni ya mawe. Nilifikiri kwamba mtu aliyelima maisha yake yote hataacha shamba, hata likiwa dogo, basi nikampa shamba.

Nyuma ya nyumba ni simiti na kamba za nguo, kwa hivyo ilibidi ning'oe nyasi za mbele. Mke wangu aliuliza kama wageni watakuwa wakipita juu ya vitunguu. Nikaacha kijia. Mimi ni fundi wa mizani, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kufungua mizani mbovu na kuifunga tena, na kilimo nilikiendea vivyo hivyo. Nilisoma, nikachanganya udongo na samadi ya mbuzi, nikavuta uzi kutoka kigingi hadi kigingi, nikapanda sukuma wiki, spinachi na vitunguu. Mama alitazama akiwa barazani.

"Baba," akaniita, maana nilipewa jina la babake, "umezipanga kama watoto wa shule wanaongoja kukaguliwa."

Alishika jembe siku hiyo hiyo. Nilifurahi, mpaka nilipoanza kuangalia anachopanda. Kunde. Terere. Kisha kunde tena. Mboga za kuchumwa majani upesi, basi. Nilimletea mche wa parachichi kutoka sokoni; akauweka kivulini na kuumwagilia kila asubuhi ndani ya plastiki yake, lakini hakuuchimbia shimo. Alisema bado anautafutia mahali.

Kuanzia hapo sikutulia. Nilikuwa nikiingia langoni nakagua udongo kabla ya kusalimia watu, nikitafuta dalili ya kitu chochote kinachochukua muda kukomaa. Kazini niliweka jiwe la kilo kwenye mizani, nikasahau kusoma mshale. Naye mama hakutulia. Alitembea kati ya lango na baraza akitazama mawingu, akampigia simu jirani wa kule anayemchungia mbuzi kumuuliza upepo unatoka wapi. Kule Kiritiri, kwetu Mbeere, mvua ya Oktoba ndiyo ya kutegemewa, na anayetaka kuvuna huwa ameshatayarisha shamba kabla haijanyesha. Nilijua hayo. Nikaongeza tuta lingine.

Jioni moja nikamkuta ameinama kando ya ua, mbegu zimefungwa kwenye pindo la leso. Zilikuwa mbaazi. Nilikuwa nimesoma kwamba mbaazi hukawia, na kwamba baridi ya huku huzichelewesha zaidi. Basi atazingoja, nikawaza. Usiku huo nililala vizuri, na kesho yake nikamnunulia gambuti za kuvaa mvua ikianza.

Alizivaa, akaenda nazo hadi langoni na kurudi, akasema zinamtosha kabisa. Akaingia ndani. Nilipomfuata nilimkuta akizisukuma ndani ya mkoba.

"Mama, hizo ni za huku."

"Huku mko na lami."

"Na mbaazi? Nani atazingoja?"

"Ni wewe," alisema, akihangaika na zipu. "Nimekupandia wewe. Zikikomaa utaniletea. La sivyo utakuja lini?"

Nikamshikia mkoba, akafunga zipu. Mke wangu, aliyekuwa akipepeta mchele, hakuinua macho. Mama aliondoka kabla ya mvua.

Parachichi nimelipanda mwenyewe. Kunde zilikwisha, mbaazi zimenipita kimo, na bado nazikagua kabla ya kusalimia watu. Nageuza tawi, naminya ncha, nawaza juu ya magoti yake na yale mawe. Jana alipiga simu. Za kwake zimeanza kuvunwa, akauliza zangu zimefika wapi. Nikamwambia ni maua tu.

Akasema huku Kinoru kweli kuna baridi.

Nikamwambia nitakuja Jumamosi, na maua hayo hayo.