Damu Iliyomtia Dafroza Mashakani

Kumepambazuka Nyakatuntu, na Dafroza Rwegoshora anawakagua watu kwa jicho la polisi. Wamekaa barazani kwake, mikono ya mashati imekunjwa, wanasubiri kutolewa damu.

"Sebahire, kahawa?"

"Sijagusa, dada. Niape kwa kanisa lipi, la kwako au la kwangu?"

Dafroza hacheki. Mwaka huu wa 1988, mhudumu huyu wa zahanati, mama wa watoto wanne, anakusanya damu kwa ajili ya utafiti wa figo unaoongozwa na Daktari Mutalemwa. Zahanati iko mbali, ndiyo maana watu wanakutana kwake. Kundi moja linatumia kahawa. Hili la leo limekatazwa kahawa kwa siku kadhaa.

Daktari anaeleza hivi: mwilini kuna kemikali, adenosini, yenye viti vyake kwenye figo. Ikivikalia, figo linapunguza kumwaga kimeng'enya kiitwacho renini, chenye mkono katika kupandisha presha. Kahawa ikiwahi viti hivyo, breki inaachia na renini inapanda.

Lakini majibu yalikuja kichekesho: waliokatazwa kahawa walikuwa na renini sawa na wanaoitumia. Daktari akamgeukia Dafroza mbele ya wafanyakazi wote.

"Unachanganya chupa, mama. Ikiharibika tena, natafuta mtu mwingine."

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Dafroza. "Nikaanza kumshuku kila mtu. Hata mume wangu nilimnusa mdomo."

Asubuhi hii, wakati Dafroza anamkodolea macho Sebahire, Kokwijuka, mama mkwe wa Dafroza, anatoka ndani na kikapu kidogo, anawapitishia wageni. Kila mmoja anachukua punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, anatupia mdomoni. Ndivyo bibi anavyowakaribisha kila wakija. Dafroza mwenyewe ananyoosha mkono, kisha anashtuka.

"Sebahire! Unatafuna nini?"

"Kwani hii nayo ni kahawa? Hii ni salamu! Nikikataa, bibi atasema namdhania ana sumu."

"Na mimi nisipotoa," anadakia Kokwijuka, "watasema nyumba hii ina roho mbaya. Hayo mafigo yenu mtajua wenyewe."

Leo damu haitolewi. Dafroza anavuta baiskeli aende kwa daktari. Safari ijayo anataka watu wakutane uwanja wa shule, mbali na ukarimu wa mama mkwe. Na ana sharti moja.

"Alinishuku mbele za watu, anisafishe mbele ya watu hao hao. Akiniita pembeni kuninong'oneza, siendi."